Upande wa Pili

Nyumba yetu haikujaliwa mtoto, Nedo,
ila watoto wa meza kumi na wawili
waliotandikiwa mahameli ya kijani.
Kila usiku uliwafungua mmoja mmoja,
ukawafunga tena, ukazima taa.

Leo nimewafungua mimi.
Mikono yangu inanuka vitunguu. Utanisamehe.

Fedha ni fedha, nilikuwa nikikuambia,
ya kale au ya juzi, ya dukani au ya kaburini.
Nawe ukicheka, masizi ya kiwanda
yangali kwenye makunyanzi ya macho:
"Argia, fedha hii hainunui kitu."
Kweli. Ilinunuliwa.
Kwa paa la jikoni lililovuja miaka tisa,
kwa pikipiki yako nyekundu,
kwa safari ya Venisi tuliyoahidiana siku ya harusi,
mji ambao hadi leo naujua
kwa kalenda ya muuza nyama.

Kila moja ina kikaratasi, mwandiko wako wa kubana:
*Gramu nane na robo. Populonia.
Kwa mjane wa Livorno, Februari, mvua.*
*Gramu nane kamili. Mnada wa Milano. Nimelipa kama mlevi.*
*Hii ina ufa. Nimeipendea ufa wake.*
Mimi hukuniandikia kamwe
barua ndefu kuliko hizo.

Na karibu zote uso ni ule ule:
mwanamke mwenye mashavu yaliyofura,
nywele zinazotaka kuwa nyoka,
ulimi umemtoka hadi kidevuni,
na chini yake X na X, yaani ishirini,
ishirini ya kitu walichokijua Waetruski
wakaondoka nacho.
Geuza.
Mgongo mtupu, laini
kama kisigino cha mtoto mchanga.
Watu husema kila jambo lina upande wa pili wa sarafu.
Watu hao hawajaishi na wewe.

Katika mtoto wa meza wa mwisho, chini ya mahameli,
ndani ya karatasi ya dawa ya kikohozi,
nimeikuta moja isiyo na uzito, wala bei, wala mvua.
Kikaratasi chake kina maneno matatu:
*Hii si yangu.*

Ndipo nikakumbuka.
Baba yako na koleo lake, ufukweni Baratti,
akipakia malori mavi ya chuma,
makapi ya tanuri za kale, vilima kwa vilima;
nawe, miaka kumi na mmoja, ukimpelekea mkate.
Usiku wetu wa kwanza uliniambia gizani:
"Pale kuna kitu kilinitolea ulimi."
Nilidhani ni mjusi.

Kilicho ardhini ni cha taifa, hata mtoto anajua hilo.
Na wewe, uliyerudi kwa muoka mikate, mvua inanyesha,
kumrudishia chenji aliyoizidisha,
umemficha mgeni huyu miaka sitini
usimwonyeshe mtu, usimuuze,
usimpe hata jina.

Nimeiweka kwenye mizani ya unga.
Mshale haukutikisika.

Zile nyingine zina hati zao.
Mnunuzi amepiga simu mara mbili.
Nimemuuliza nauli ya treni hadi Venisi ni kiasi gani;
amenyamaza, kisha akanipa pole ya msiba.

Hii nitaipeleka kesho, basi la saa tatu kasorobo,
ofisi ya mambo ya kale.
Wataniuliza: wapi, lini, nani.
Nimejizoeza mbele ya kioo cha kabati,
koti nimelivaa, mkoba begani:
*Mume wangu, marehemu Nedo Barsanti, alipokuwa mtoto…*
Mara ya kwanza sauti ilikatika.
Mara ya pili nilisema uongo, nikajisikia.
Mara ya tatu nikamtazama yule kikongwe kiooni,
mashavu yamemfura, nywele zimemsimama,
nikamtolea ulimi.